Jua la Same, Baridi ya Kibosho

Mashoga zangu wa Ukonga, tangu nishuke kwenye basi na mizigo yangu kila mmoja ananiuliza lake. Mmoja anataka kujua nimelishwa nini hata nimenenepa hivi. Mwingine ameshasikia kwamba nilipigana na mama mkwe ndani ya basi, mbele ya abiria. Sikupigana. Tulivutana sweta tu. Nimechoka kusimulia vipande vipande pale bombani, na kila nikisimulia naikuta habari imeshatiwa chumvi na aliyetangulia kuisikia. Kwa hiyo naiandika yote mara moja, mpokezane, ila isimfikie mume wangu.

Kwa wasionifahamu vizuri, mimi Kabula ni mzaliwa wa Shinyanga, na mume wangu Deo kwao ni Kibosho, mlimani juu ya mji wa Moshi. Kwao mwanamke akijifungua hukaa ndani miezi mitatu akilishwa na kupumzishwa, hashiki jembe wala ndoo. Nilipojifungua binti, jina lilikuwa linamsubiri, maana binti wa kwanza huitwa jina la mama yake baba. Mama mkwe anaitwa Anastazia, basi na mtoto akawa Anastazia. Arobaini ilipokwisha, Mama akashuka Dar mwenyewe kumchukua wajina wake. Mimi nilichukuliwa kama kikapu kinavyochukuliwa pamoja na mayai. Deo alibaki kazini.

Ni mwaka huu huu wa mvua za El Nino. Mnaujua wenyewe, huku jua linachoma, kule maji yanabeba madaraja.

Dar hadi Mombo, dirisha limefungwa

Mama alimvisha mtoto alfajiri huku jasho likimtiririka yeye mwenyewe. Fulana, juu yake gauni la flana, juu yake sweta jeupe la sufu alilolifuma kwa mikono yake, soksi mbili mbili, kofia ya sufu yenye masikio, kisha blanketi, kisha shali. Kilichobaki nje ni pua peke yake.

Nikasema kwa upole wote niliokuwa nao, "Mama, Dar kuna joto."

"Hatuendi Dar, mwanangu. Tunaenda Kibosho."

Nikachukua mizigo, tukatoka.

Kwenye basi Mama alikaa dirishani, mtoto mapajani, akalivuta dirisha likafunga kabisa. Nyuma yetu alikaa mfanyabiashara wa mitumba wa Arusha, mnene, mwenye kofia ya pama na maneno mengi. Hatujafika hata Chalinze akaanza.

"Mama yangu, fungua kidogo. Huku tunaiva."

"Kuna mtoto mchanga," Mama akamjibu bila kugeuka. "Upepo wa gari unaingia kifuani."

"Na sisi ni watoto wa watu, mama."

Basi zima likacheka, na dirisha likabaki limefungwa.

Mama alikuwa na sheria zake za safari. Yeye mwenyewe hanywi kitu chochote mpaka afike, kwa sababu hawezi kuchuchumaa porini huku wanaume wamekaa kwenye basi wakimsubiri. Sheria ya pili ilinihusu mimi. Mama anayenyonyesha hanywi maji ya baridi, kwani maziwa yake yatapoa na mtoto ataumwa tumbo. Nilibebewa chupa ya chai iliyojaa uji wa moto wenye pilipili manga, na kila tuliposimama nikamiminiwa kikombe. Korogwe watu walinunua machungwa, mimi nikanywa uji. Mombo watu walishuka kula nyama choma, na soda zilipitishwa chini ya dirisha letu zikitoka jasho la ubaridi. Mama akanimenyea yai la kuchemsha, akanitia tena uji. Nilikuwa namheshimu kwa moyo wote na pia nilikuwa na hasira naye kwa moyo wote, na vyote viwili nilivimeza pamoja na ule uji.

Mbele ya Same, maji barabarani

Tulipoipita Same kidogo tukakuta malori yamepanga mstari. Mvua ilikuwa imenyesha juu milimani Upareni, na korongo lililo mbele likawa limemwaga maji mekundu juu ya lami. Huku chini tulipo hapakuwa na wingu hata moja. Utingo alikwenda kuangalia, akarudi akasema tusubiri mpaka yapungue.

"Yatapungua lini?" akauliza mtu wa mitumba.

"Yakipenda."

Dereva akazima injini. Abiria wakashuka wakajibanza kwenye kivuli chembamba cha basi. Mama akakataa kushuka. Mtoto ambaye hajafika kwao haanikwi mbele ya macho ya kila mtu, akasema, basi tukabaki ndani, dirisha limefungwa, viti vinachoma mapaja hata kupitia kitenge.

Mtoto alilia kidogo, kisha akaacha. Nikamwomba Mama anipe nimnyonyeshe. Kinywa chake kilikuwa cha moto. Alivuta kidogo, akaachia. Niliingiza mkono shingoni, chini ya ile sufu, nikakuta pamewaka kama ubavu wa birika. Uso mwekundu, pumzi za haraka haraka, na nepi ilikuwa kavu tangu Mombo.

"Amelala," Mama akasema. "Mwache alale."

Hapo ndipo Shinyanga yote ilipoamka kichwani mwangu. Kwetu, miezi ile ya joto kabla ya mvua, mtoto mchanga havai kitu mchana. Analazwa mkekani chini ya ukingo wa paa, na kanga iliyoloweshwa inatandikwa kwenye kamba karibu yake. Mama yangu mzazi alikuwa hababaiki na mtoto anayelia. Aliyemtia hofu ni yule anayenyamaza wakati wa jua kali.

Nikaanza kumvua. Shali, blanketi, kofia. Nilipofika kwenye sweta Mama akadaka mkono wa sweta.

"Kabula!"

Hajawahi kuniita jina. Siku zote huniita mwanangu.

"Kabula, unataka kuniulia mtoto?"

"Mama, anaungua."

"Na kifua chake je?"

"Mama, anaungua!"

Akavuta, nami nikavuta. Sijapata kumpandishia sauti mtu mzima, sembuse mama wa mume wangu, na sauti iliyonitoka ilinitisha hata mimi. Nje watu wakageuka kututazama. Mama akaachia. Nikamvua mtoto vyote akabaki na nepi, nikashuka naye kwenye basi.

Pale nje alisimama yule mtu wa mitumba. Alivua kofia yake ya pama akaanza kumpepea mtoto. Wakati huo akaja mwanamke mmoja wa pale pale, aliyekuwa akiwauzia wasafiri mahindi ya kuchemsha. Jina lake Namkunda. Alimtazama mtoto mara moja, akanishika kiwiko, akanipeleka hadi kwenye nyumba yake ya udongo hatua chache kutoka barabarani, akanikalisha upande wa kivuli. Akachota maji mtungini akanipa bakuli.

Nyuma yangu nikamsikia Mama akija, mikono imejaa sufu. "Usinywe! Maji ya mafuriko hayo! Yana kipindupindu!"

Namkunda akainuka. "Shikamoo, mama," akasema, na ile shikamoo ilikuwa imenyooka kama fimbo. "Maji haya nimeyachemsha kwa kuni zangu mwenyewe. Na sisi huku tunaogopa kuhara, kama nyie mnavyoogopa."

Mama akaitikia marahaba kwa sauti ndogo. Nami nikanywa. Nilikunywa bakuli juu ya bakuli mpaka tumbo likaniuma, na sikumtazama mtu usoni. Namkunda aliweka maji kwenye karai, akayachanganya na mengine yaliyopata jua ili yasimshtue mtoto. Tukalowesha kanga, tukaikamua, tukampangusa shingoni, kwapani, mapajani, huku mtu wa mitumba akiendelea kupepea. Nikampa ziwa, akalikataa. Tukampangusa tena. Nikampa, akalikataa. Nilimwahidi Mungu mambo ambayo sitaki mnikumbushe. Nilikuwa namtazama mwanangu nikihesabu kila pumzi yake, na nilijua kwamba Same kuna hospitali, lakini malori yalikuwa yameshajipanga nyuma yetu, gari haligeuki.

Kisha akalishika ziwa. Akalivuta kwa hasira kama mtu aliyecheleweshewa chakula, akavuta, akavuta, akaachia, akalia kilio kirefu cha kudai haki yake. Halafu akanikojolea. Sijapata kufurahia mkojo namna ile. Namkunda alipiga kigelegele kimoja kifupi, na mtu wa mitumba akavaa kofia yake akaenda zake nyuma ya lori kufuta macho.

Mama alikuwa amesimama kando muda wote, na sufu yake mikononi. Akafungua mdomo kusema kitu, magoti yakamlegea. Namkunda akamdaka kabla hajafika chini. Kumbe tangu jana yake jioni hajanywa hata funda moja, na mwilini amevaa gauni, sweta na vitenge viwili. Tukamvua sweta. Namkunda akamtengenezea maji yenye sukari na chumvi kidogo, Mama akafunga mdomo kama mtoto.

"Kunywa, mama," Namkunda akamwambia, akiinama karibu na sikio lake. "Choo kipo nyuma ya nyumba. Kina mlango."

Mama akanywa.

Maji ya korongo yalipopungua basi likapita, likiyumba, na abiria wote tukiomba kila mtu kwa dini yake. Mama alikuwa amemwachia Namkunda mayai yote na ndizi zote tulizobeba. Dirisha letu likabaki wazi, na mtoto akalala na nepi tupu, usingizi wa kweli, midomo ikichezacheza.

"Sasa tunasafiri," akasema mtu wa mitumba.

Moshi, kwa mama mdogo

 Tulipofika Himo Mama akasema, akitazama mbele, "Umenipigia kelele mbele za watu."

"Nisamehe, Mama."

"Sijasema uniombe msamaha."

Akaanza kuvikunja vile vya sufu kimoja kimoja, akavipakata mpaka Moshi. Mnajua mtu akikugombeza unapata pa kushika, lakini kukunja kule sikujua nikuweke wapi.

Moshi palikuwa na manyunyu na ubaridi mzuri. Tulilala Majengo kwa mdogo wake Mama, mwanamke mcheshi asiyetulia, aliyekuwa ametupikia machalari, zile ndizi zinazopikwa pamoja na nyama mpaka mchuzi unakuwa mzito. Nilikula mpaka nikaona haya, nikanywa na maji, na hakuna aliyenikataza. Alipouliza kwa nini mtoto hana kofia, Mama akanitazama mimi ili nijibu mwenyewe. Nikasema njiani kulikuwa na joto. Nililala nikiwa na furaha ya mtoto wangu kupona, na niseme kweli, nilikuwa na kiburi kidogo pia.

Kupanda Kibosho, kwa gari na kwa miguu

Asubuhi mvua ilikuwa imekatika na mji unafuka mvuke. Mama akatoa lile sweta, akalishika mbele yangu bila kulisogeza.

"Mvishe."

"Bado kuna joto, Mama. Tukifika juu nitamvisha."

Akalikunja taratibu. Akaliweka pamoja na kofia, blanketi na vitenge vikavu, akavifunga vyote kwenye nailoni, akaitia nailoni kwenye begi. "Haya," akasema. "Wewe ndiye unayejua." Wenye mama wakwe mnajua maneno hayo yanavyosemwa.

Tulipanda pikapu inayopeleka watu na magunia mlimani. Ikapanda kati ya migomba na kahawa, ikiteleza, ikinguruma, mpaka tukakuta lori limezama kwenye tope na kuiziba njia yote. Dereva akasema kuanzia hapo ni miguu yetu. Abiria wakashuka bila hata kulalamika, ndivyo barabara zao zilivyo, wakajifunga nguo viunoni wakaanza kupanda. Mama akajitwika begi. Mimi nilimfunga mtoto kifuani kwa kanga, nikavaa koti langu juu, nikashika mwavuli.

Mvua ikarudi. Wenzangu, hiyo si mvua ya Dar. Mvua ya kule ni nyembamba, inakuja kwa mlalo pamoja na ukungu, na hujui inakupigia upande gani mpaka umelowa. Kidaraja cha kuvukia kijito kilikuwa kimechukuliwa na maji, ikabidi tuzunguke juu zaidi, karibu na msitu, kwenye kivuko cha mawe. Huko juu upepo ukaugeuza mwavuli wangu nje ndani. Nikautupa. Nilikuwa natetemeka, lakini mtoto alikuwa kimya kifuani pangu, nami nikajiambia kwamba kule ndani kuna joto la mwili wangu, hana shida.

Mama akasimama chini ya migomba. Akatua begi. Bila kuniomba akaingiza mkono ndani ya koti langu, chini ya kanga, akakaa akisikiliza kwa kiganja.

"Kanga imelowa," akasema. "Miguu kuwa ya baridi si kitu. Hili tumbo ndilo la baridi."

"Amelala, Mama."

Akanitazama. "Jana neno hilo ulilikataa. Leo nalikataa mimi."

Akajitwika begi, akakamata mkono wangu, tukakata shambani kwa watu mpaka kwenye nyumba ya kwanza tuliyoiona. "Hodi! Hodi hapa! Tuna mtoto!" Mlango ukafunguka kabla hajamaliza. Alikuwa mzee mmoja mrefu, mkavu, jina lake Mzee Apolinari, aliyefiwa na mkewe, anayeishi na ng'ombe wake. Sikuwahi hata kumaliza shikamoo.

"Mzee, tunavua nguo hapa," Mama akamwambia. "Tupishe."

Mzee wa watu akatoka kwake akaenda kusimama kwenye banda la ng'ombe.

Mama alimvua mtoto vile vilivyolowa, akamkausha kwa kitenge kikavu mpaka katikati ya vidole. Alikuwa baridi, amelegea, macho nusu. Mama akamvika kofia ya sufu, kofia peke yake. Kisha akavua blauzi yake, akamlaza mtoto kifuani pake, ngozi kwa ngozi, akawafunika wote wawili kwa sweta, blanketi na shali. Ukutani lilining'inia koti jeusi la Mzee, la kuvaa kanisani. Akalitungua, akalivaa juu ya vyote, akafunga vifungo.

"Na wewe vua," akaniambia. "Jikaushe. Ukitetemeka hivyo maziwa hayashuki."

Kutoka bandani ikaja sauti. "Nirudi?"

"Bado!"

Nikavaa vitenge vikavu. Nikasogea nikakaa ubavuni mwa Mama, nimeubana mwili wangu na wake.

"Nirudi?"

"Bado, Mzee!"

Aliporuhusiwa mara ya kwanza alikuja na jiko la mkaa, mkaa umewaka vizuri, akalitia katikati ya chumba. Kwa wema wake akafunga na mlango na dirisha.

"Fungua," Mama akasema.

"Kuna baridi, mama."

"Fungua."

Meno yangu yalikuwa yanagongana. Nikamsihi, "Mama, tafadhali, tufunge kidogo tu, mtoto apate joto."

"Hapana. Mkaa ukifungiwa ndani unaua watu wamekaa hivi hivi, wanadhani ni usingizi. Joto la mtoto ninalo mimi hapa."

Mzee akafungua vyote viwili, akarudi kwa ng'ombe wake, na ukungu ukaingia mpaka miguuni petu. Mama akawa anamsugua mtoto mgongo kwa kiganja, taratibu, ndani ya lile koti. Alisema bila kunitazama.

"Wa kwanza wangu hakuwa Deo."

Nikamgeukia.

"Alikuwa binti. Tulikuwa tunatoka kumbatiza parokiani, mvua kama hii. Nilikuwa msichana tu, hakuna aliyeniambia kwamba mtoto anashikwa tumbo. Aliponyamaza nikashukuru. Nilifika nyumbani nimembeba, watu wamejaa wanatusubiri kwa ngoma, nikawaambia wasipige kelele, mtoto amelala."

Mkono wake haukuacha kusugua.  Niliweka kiganja changu juu ya wake, juu ya koti la Mzee Apolinari, na tukawa tunasugua pamoja. Sijapata kumpenda mtu ghafla namna ile, na sijapata kuogopa namna ile. Niliogopa kwamba hadithi ile inajirudia mbele yangu na safari hii mama mwenyewe ni mimi.

"Deo hakuniambia," nikasema mwishowe.

"Deo hajui. Sijawahi kumwambia."

Koti likatikisika. Kitu kikapapasa ndani, kikagonga, kikapapasa tena. Mama akainamisha kidevu akachungulia, na uso wake wote ukafunguka.

"Anatafuta ziwa kwangu, maskini! Wajina, hapa ghala lilifungwa zamani!"

Akacheka mpaka machozi yakamwagika kwenye kofia ya mtoto. Akanipa. Mtoto akashika, akavuta, na nilipomgusa tumbo lilikuwa na joto, laini, linapanda na kushuka. Nikamnyonyesha huku Mama akitukumbatia wote wawili ndani ya blanketi.

"Nirudi?" ikauliza sauti kutoka bandani, sasa imekata tamaa.

"Rudi, Mzee! Rudi nyumbani kwako!"

Akaja amelowa, na kibuyu cha maziwa mkononi, maana kule alikotupwa hakuona kazi nyingine ila kukamua. Akayachemsha kwenye lile jiko, akatugawia. Nililia ndani ya kikombe, sikuweza kujizuia. Yeye akadhani ni moshi, akalisogeza jiko mbali nami, akaomba radhi kwamba mkaa wa siku hizi si mzuri.

Mvua ilipopungua tukaondoka. "Aika, meku," Mama akamshukuru kwa Kichagga, akamrudishia koti lake, akiwa amelipangusa kwa mkono kwanza. Mtoto alikuwa amevaa sufu yote, sweta, soksi, kofia, na blanketi. Nilimvisha mimi.

Nyumbani

Kuingia kwetu hakuna mengi ya kusimulia. Wanawake walipiga vigelegele, tukapokewa mzigo na mtoto, na nikaonyeshwa kitanda ambacho ndicho kimeninenepesha. Mtori asubuhi, mtori mchana, ndizi na nyama zilizopondwa zikawa laini mpaka hazihitaji meno. Nilipoomba maji nililetewa ya moto kidogo, yaliyochemshwa, kwenye jagi kubwa, na Mama mwenyewe alisimama kuhakikisha nimelimaliza. Julai bado haijafika lakini asubuhi za kule zina baridi yake, na kila siku kabla hajanisalimu aliingiza mkono kumshika mtoto tumbo. Nami nikazoea kufanya hivyo hivyo.

Siku zangu za ndani zilipokaribia kwisha, jirani mmoja alikuja na mkwe wake, msichana anayeitwa Priska. Msichana alikuwa anamfuata mumewe Korogwe na mtoto wake mchanga, wamekuja kuaga. Mimi nilikuwa chumbani nanyonyesha, wao wako jikoni na Mama, tumetenganishwa na pazia tu. Nikamsikia jirani akijisifu jinsi walivyomfungasha mtoto.

"Mmemvisha vizuri," Mama akasema. "Vizuri kwa hapa. Mkifika Himo mvueni sweta. Mkikaribia Same mvueni vyote, abaki na nepi. Na dirisha lifunguliwe. Wewe Priska, kunywa maji mengi njiani, yaliyochemshwa, na usisikilize wazee wanaokwambia maziwa yatapoa. Ukibanwa, mwambie dereva asimame, hukuiba. Na mtoto akinyamaza kwenye joto, usiseme amelala. Mguse."

Jirani akaangua kicheko. "Anastazia! Wewe ambaye kushuka Moshi kwenyewe mpaka Krismasi! Mambo ya joto umeyajulia wapi?"

Nikamshika mtoto mguu usipige ukuta, nisikie vizuri. Mama alikuwa anakoroga chungu. Mwiko haukusimama.

"Nina binti wangu," akasema, "nimemzaa Shinyanga."